Sherehe ya Mtaa Iwe Mchana

Jumapili, Ngombezi

Na Shabani naye, kuwa mwenyekiti wa sherehe ya mtaa kumemfanya aamue kila kitu peke yake. Eti tutaanza saa mbili usiku, kwa spika kubwa na taa za rangi.

Mimi nakumbuka sherehe za utotoni, hapa hapa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge. Kila nyumba ilitoa sufuria yake. Mama alipika makande, jirani zetu Wamakonde wakaleta samaki wa nazi. Baba zetu walikuwa wakitoka kuchana mkonge kiwandani, wanaoga, wanacheza ngoma za kwao mpaka vumbi linatufunika. Natamani hata lile vumbi.

Katika wazee wale amebaki Bibi Tabu peke yake. Leo nilikwenda kumwalika.

"Usiku sioni, mjukuu wangu," alisema. "Nikija nitasikia makelele tu. Nami nilitaka kuziona nyuso zenu, zote kwa pamoja."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Shabani, nikiwa tayari kubishana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alinizalia nyumbani," akasema. "Bibi Tabu ndiye aliyenipokea. Basi, iwe mchana."

Hasira ikaniisha. Lakini bibi amekonda sana, na sherehe tulishaipanga iwe baada ya mavuno. Nikaogopa huenda asiyafikie.

Nilimwambia Shabani hivyo hivyo. Hakubisha. Tutaifanya Jumamosi hii, kwa chakula chochote kitakachokuwepo.