Kidude cha Chumba cha Mionzi

Kabeza, Kigali
12 Februari 1992

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, tena nimenenepa kwa viazi vya mama mwenye nyumba. Mdogo wangu Jean-Bosco amepata kazi? Najua utaruka salamu zote utafute habari za redio yako. Vumilia, nitafika.

Hapa kiwandani tunaua vijidudu kwenye bandeji za hospitali kwa mionzi mikali, ndani ya chumba cha kuta nene. Humo kuna kidude cha umeme kinachohesabu maboksi yanayopita. Kila wiki mbili kilikufa, maana mionzi inaharibu transista zake, vile vipande vidogo vinavyoongoza umeme. Nilikifunika kwa mabamba ya madini ya risasi mpaka kikawa kizito kama jiwe la kusagia. Hata hivyo kikafa baada ya siku kumi na nane. Mkubwa wangu, Musiyu Bertrand, aliniambia kwa upole kwamba kikifa tena ataleta fundi kutoka Ulaya, nami nirudi kutengeneza pasi. Nililia, Baba.

Kisha nikakumbuka mitambo ya zamani, isiyokuwa na transista bali taa ndogo za kioo. Nilisoma kwamba taa hizo zinastahimili mionzi kuliko transista. Nikazitafuta sokoni Nyabugogo siku nzima. Wakanionyesha taa za baiskeli. Mwishowe nilipata nne mahali pengine, nikaunda kidude kipya.

Sasa kina mwezi wa nne kazini. Vioo vimegeuka rangi ya chai ya rangi, lakini hakijaruka hata boksi moja. Juzi Musiyu Bertrand alikitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Kaliza, hii iko kazi ya nani?"

Nikajibu, "Iko yangu na ya baba."

Hapo ndipo penye kosa langu, Baba. Ulinipa redio yako ya zamani nibadilishe kitufe cha sauti tu. Nikakuandikia mara tatu kwamba bado iko kwa fundi. Fundi ni mimi. Taa zile nne nilizitoa tumboni mwake, na sanduku lake tupu liko chini ya kitanda changu. Niliona aibu kukuambia. Nisamehe. Pasaka nakuletea redio nyingine, ya kusikilizia mpira.

Nisalimie Mama na majirani wote wa Buyenzi. Wakiuliza redio iko wapi, waambie imeajiriwa Kigali, na haijakosa kazini hata siku moja.

Mwanao mtundu,
Kaliza