Kabla Karata Haijahama

Ghorofa ya pili, juu ya duka la saa
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Kaka,

Salamu tele kutoka huku. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, wifi na watoto, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakoroma kama kawaida, mimi bado niko palepale kwenye uchapaji, na mashine ya kukata karatasi haijala kidole changu hata kimoja. Baba naye ni mzima ukiacha goti. Ulimi wake haujawahi kuugua.

Barua yako imefika. Nilimsomea Baba yote, hata pale ulipoandika kwamba umeshaamua, mwisho wa mwezi unakuja kumchukua akaishi kwako. Aliomba chai. Unamjua mwenyewe: dereva wa lori maisha yake yote, hajawahi kumwachia mtu usukani hata akiwa na homa. Nami sikubishi, maana tangu ateleze kwenye ngazi, nikiwa kazini roho inakuwa juu juu, na nyumba hii haina njia nyingine ya kushukia. Ila hukumuuliza, Kaka.

Sasa nikupe habari za karata, na usiruke mistari kama ulivyozoea.

Unakumbuka zile karata zako za mchezo, zenye picha za wafalme na mashujaa, ulizoacha kwenye kopo la biskuti? Baba alizikuta akitafuta betri. Fundi Saa wa hapo chini naye alikuwa na za kwake, akamfundisha. Maandishi ya karata ni madogo kama chawa, basi nikamchapia Baba maelezo kwa herufi kubwa, na tangu hapo Jumapili zetu zimekwisha.

Kila karata ina uwezo wake, na uwezo una wakati wake. Mpiga Mbiu, kwa mfano: ukiwa naye mezani, zamu yako ikifika unamlaza ubavu, unasema "Mbiu!", kisha unavuta karata mbili. Lakini zipo pia karata za hila. Mwenzako anaweza kuitupa hila mezani hata katikati ya zamu yako, akamchukua Mpiga Mbiu wako akawa upande wake.

Baba alianza vibaya. Siku moja alimteka mfalme wa Fundi Saa, mchezo ulipoisha akamtia mfukoni mwa shati, akapanda naye ngazi, akalala. Asubuhi Fundi Saa akaja kupiga hodi hata kabla hajafungua duka. Baba akasema mateka ni mateka. Ikabidi aeleweshwe kwamba aliyeishika karata ndiye anayeiamrisha, lakini mwenyewe ni mwenyewe, na mchezo ukiisha kila karata inarudi kwa mwenyewe. Alimtoa mfalme shingo upande, akiwa amekunjika pembe.

Leo ndiyo kumekuwa na ugomvi hasa. Baba kamlaza Mpiga Mbiu, kasema "Mbiu!" kwa sauti ya kuamsha mtaa, mkono uko njiani kuvuta, Fundi Saa akatupa hila na kumchukua. Akadai uwezo nao umehama, kwa hiyo avute yeye. Baba akamwambia thubutu. Majirani walichungulia madirishani. Mwishowe Fundi Saa akabana lenzi yake jichoni, akasoma kijitabu cha sheria mstari kwa mstari, akanywea. Uwezo ni wa yule aliyekuwa ameishika karata ulipoamshwa. Karata ikihama baadaye na ihame, lakini neno lililokwisha kusemwa linabaki la aliyelisema.

"Ni kama kengele ya saa," akasema. "Nikiitega leo halafu nikakuuzia, kesho itakulilia wewe, lakini aliyetega ni mimi."

"Na kama hukuitega?" Baba akauliza.

"Basi tena, mzee. Ikishahama, anayesema ni huyo mwenye kuishika."

Baba akavuta karata zake mbili, akazitazama, akasema amechoka. Hajawahi kuacha mchezo anaoshinda.

Tulipopanda juu akaniambia nichukue kalamu. Nakuandikia kama alivyosema.

"Mwambie Meneja," ndivyo anavyokuita siku hizi, "nakuja. Sina ugomvi. Kwake nitakula anachokula, nitalala wakizima taa. Lakini nasema sasa, ningali upande wangu. Mchezo ukiisha nirudishwe huku, nilazwe karibu na mama yenu. Asije akasema ni mbali, au mzee mwenyewe hakutamka. Nimetamka."

Nikamuuliza kwa nini asikwambie mwenyewe ukifika. Akasema ukifika utakuwa umeshashika begi lake.

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Nimehuzunika, Kaka, sikufichi. Lakini ana haki yake, na mimi ni shahidi.

Mengine ni madogo. Bomba la bafuni limetengenezwa, likaharibika tena. Njoo na mto wa kumwekea goti garini, na usimwambie jinsi ya kupita njia yoyote ile. Fundi Saa amejua habari ya safari. Jioni hii amepanda kuturudishia mwavuli ambao si wetu.

Msalimie sana wifi. Mbusu mkubwa wetu, na yule kitindamimba mwenye maswali mengi mwambie babu yake anakuja na majibu, mengi yakiwa ya uongo. Shemeji yako anakusalimu kutoka usingizini. Mungu awafunike kwa neema yake, akufikishe huku salama na akurudishe salama.

Ni mimi, dada yako akupendaye hata ukiwa Meneja.

Nyongeza: Karata iliyo hapo chini ni Mpiga Mbiu wako. Baba ameibandika kwa gundi yeye mwenyewe, kwa ubavu. Nilitaka kuinyoosha ikae vizuri kwenye karatasi, akanizuia mkono. Amesema ikufikie ikiwa imelala hivyohivyo.