Kioo cha Baba na Simu Zako za Jumamosi

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Unakula vizuri, au bado unaishi kwa chai? Sisi huku kiafya hatujambo, ila mgongo wangu unalalamika, na moyo wangu pia. Kaa chini usome taratibu, maana nimekasirika na sitaki kukuficha.

Unavikumbuka vile vioo viwili vya duara ulivyomletea Baba, vinene kama kisigino cha kiatu? Ulisema, "Dada atavisugua, Baba auone mwezi," ukapanda basi ukaenda zako. Mimi ni fundi cherehani. Nilichojua kuhusu darubini ni kwamba watu huchungulia kwa jicho moja.

Baba ndiye aliyenifundisha. Kioo kimoja kinalala juu ya pipa, cha pili kinakaa juu yake, katikati unga wa msasa na maji, halafu unasukuma mbele na nyuma huku ukilizunguka pipa. Cha juu kinabonyea, cha chini kinavimba. Hicho kilichobonyea ndicho cha darubini. Nimelizunguka pipa wiki tano, kila asubuhi kabla ya kushona, naye kakaa kwenye kiti chake ananihesabia mizunguko. Kupima, tunalaza rula ya chuma juu ya kioo na kupitisha nyembe chini yake. Zilikuwa zinapita saba. Zikifika kumi na mbili, tunaanza kung'arisha.

Jumatatu nikaweka rula kwenye kioo cha juu, ikabembea. Kilikuwa kimevimba. Nikapima cha chini, zikapita nyembe nne. Mtu alikuwa amevibadilisha nafasi, cha juu chini na cha chini juu, na mimi siku kadhaa nimekuwa nikifukia shimo langu mwenyewe kwa jasho langu mwenyewe. Nililia, sikufichi.

Nikamshukia Shangazi, aliyekuja kukaa nasi siku hizi. Unamjua, hawezi kuona kitu kimekaa bila kukiosha na kukihamisha. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Wakati huo nilikuwa namsuka. Akainuka, akafunga mizigo yake, akaondoka na kichwa kimesukwa nusu.

Kisha nikatia alama ya rangi ya kucha mgongoni mwa kioo cha darubini. Alhamisi nilikwenda kupeleka gauni la mteja, nikarudi mapema. Baba yuko uani na kitambaa kibichi, anapapasa mgongo wa kioo kwa kidole, anaitafuta alama yangu aifute, avibadilishe tena. Mtu aliyetengeneza saa za watu miaka arobaini. Alijua kabisa anachofanya.

Nilikaa juu ya ndoo nikamuuliza kwa nini.

"Kikiisha mtanisimamisha hapo niangalie," akasema. "Nisipoona kitu, nitamwambia nini mdogo wako?"

Sasa nakugeukia wewe. Presha ya macho imeshalimaliza jicho lake la kushoto, na la kulia daktari alisema hawezi kuahidi. Uliambiwa. Na bado kila Jumamosi unapiga simu: Baba, umeuona mwezi? Baba, bado tu? Baba, nimeshawaambia wenzangu kazini. Unadhani unamchangamsha, kumbe unamtia hofu mtu mzima mpaka anaharibu kazi ya mwanawe kwa mkono wake. Imeniuma sana. Wala usinijibu kwamba ulikuwa na nia njema, hata mimi niliyemfukuza Shangazi nilikuwa nayo. Nimekwenda kumwomba radhi. Amenisamehe, ila amesema kichwa atamalizia kwa mtu mwingine.

Kuanzia leo usimuulize tena habari za mwezi. Muulize amehesabu mizunguko mingapi. Kisha omba ruhusa kazini uje, ili siku atakapoweka jicho pale uwe umesimama karibu yake, badala ya kungoja majibu kwenye simu.

Na yeye sikumwacha hivi hivi. Nilimwambia kwamba akishindwa kuona hakuna atakayemlaumu, lakini kunizungusha pipa bure ni dhuluma. Akaenda zake chumbani. Juzi na jana hakulikaribia pipa.

Leo asubuhi nimeamshwa na mkwaruzo wa kioo. Nikatoka, nikamkuta penye pipa, mkono mmoja umeshika ukingo asipotee njia, mwingine unasukuma. Nikaangalia alama yangu. Ipo, na kioo chenyewe kiko juu, mahali pake. Nikamuuliza anafanya nini mapema hivi.

"Naharakisha," akasema. "Jicho halinisubiri."

Msalimie mkeo, mwambie gauni lake liko tayari. Shangazi anakusalimu, kwa mkato. Baba hajatuma salamu. Amesema nisimsimamishe.

Mungu akulinde njiani, maana utasafiri.

Dada yako akupendaye hata akiwa amekasirika.