Maji Baridi Siyo Hayo, Kaka

Kamachumu, Muleba
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Datius,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi Evelyne na watoto hamjambo. Sisi tu wazima. Baba amerudi kutoka hospitali ya Rubya, mguu umepungua uvimbe, na ameanza tena kuingia kibanjani kugombana na migomba yake. Kwa desturi ningeandika kwamba hofu yangu ni kwako tu. Safari hii sina hofu na wewe hata kidogo. Nina hasira, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nimeona nikuandikie. Karatasi huwezi kuikata.

Ulinialika mwenyewe kwenye mkutano wa Bukoba nije niwaeleze maofisa wenzako nilichosomea Norwe. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha, maana hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa. Baba huwaambia watu kwamba nasomea mawe. Nikaandika maelezo kwa Kiswahili, nikayapa kichwa “Matumbawe ya maji baridi”. Ukayachukua, simu yako ikalia, ukatoka nje, hukurudi.

Najua kwetu mtu akisema samaki wa maji baridi anamaanisha sato na sangara, samaki wa ziwani, wa maji yasiyo na chumvi. Ndiyo maana mstari wa kwanza kabisa nilieleza kwamba baridi ninayoisema ni ile ya kutetemesha, chini kabisa baharini, gizani, mahali ambapo jua halifiki. Wewe uliishia kwenye kichwa. Wiki hiyo hiyo ukatangaza redioni kwamba matumbawe yamegunduliwa Ziwa Victoria, upande wa Muleba, na kwamba mtaalamu aliyeyagundua ni dada yako. Kaka, waitu, ziwani hakuna matumbawe! Yale ni mawe tu.

Nilikuwa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, siku mgambo walipoleta kibao chako cha kukataza watu kuanika dagaa juu ya mawe yale. Salma, yule mama mjane wa Bukoba mjini aliyekuwa akianika pamoja na marehemu mama yetu, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutandaza. Wakamwambia anaharibu matumbawe. Akauliza ni yapi, wakamwonyesha mawe anayoyafanyia kazi tangu ujana wake. Akauliza nani kasema, wakajibu ni binti wa Kamachumu aliyesoma Ulaya. Dagaa wakafagiliwa mchangani, mvua ikawakuta huko huko, wakaoza. Salma hakunitukana. Aliniuliza tu kama kweli ni mimi niliyemnyang'anya mawe, akataja na jina la mama. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilipokufuata ofisini ulikubali kwamba sasa umeelewa, ila ukasema kibao hakiwezi kuondolewa kwa sababu umeshasifiwa, na wageni wanakuja kukiona. Ukasema tuvute subira, watu watasahau. Salma asahau nini, kaka? Kula?

Sasa sikiliza yale ambayo ungeyasikia siku ile kama usingetoka nje. Tulifuga matumbawe yale katika matangi, tukayawekea maji ya bahari kama yanavyotarajiwa kuwa mwishoni mwa karne hii, yenye tindikali, kwa sababu bahari inainywa ile hewa ya ukaa tunayoitupa angani. Yaliyo hai yalitushangaza. Yaliendelea kujenga mifupa yake kana kwamba hakuna kilichotokea, na wenzangu wakapiga makofi. Kisha tukaangalia chini. Matumbawe hai husimama juu ya mifupa ya yale yaliyokufa zamani, na mifupa hiyo haina nyama ya kuikinga. Maji yalikuwa yameila, imejaa matundu, ukiigusa inavunjika. Tulipoongeza na joto, hata yaliyo hai yakawa yanahitaji chakula kingi kuliko kilichokuwapo. Ni kama mgomba wenye mkungu mnono huku mti unaouegemeza umeliwa na mchwa. Apitaye njiani anausifu mkungu. Jambo hilo ni la kweli na linanitisha kila siku, halafu wewe umelitumia kumfukuzia mjane riziki yake!

Na sisi wawili tumesimama juu ya nini? Sare zako za shule zilinuka dagaa mpaka wenzako wakakupa jina la utani, nawe ukarudi unalia, na ni Salma aliyekufulia upya kwa sabuni ya kunukia. Mama ametutoka. Kati ya waliotubeba mwaloni pale amebaki yeye tu, na huyo ndiye uliyemwondoa.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Jana mchana, watu wakiona, nilishuka mwaloni na jembe la Baba nikaking'oa kibao chako. Salma hakunituma, tena alinisihi niache. Wakikuuliza ni nani, wape jina langu lote, unalijua. Na Jumatano asubuhi nitakuwa kwenye redio ile ile kueleza maji baridi ni yapi. Nimemwomba mtangazaji aweke viti viwili. Ukija, utasema mwenyewe kwamba ulisoma vibaya, nami nitanyamaza. Usipokuja nitasema mimi, na sitasema “ofisa mmoja”. Nitasema kaka yangu.

Nisalimie wifi, mwambie ndizi zake ziko tayari, Baba atazituma kwa basi. Wabusu watoto. Salma naye anakusalimu. Kibao chako ni bati zuri, pana, linashika joto kuliko mawe. Amelilaza maandishi juu, na dagaa wa leo wamekaukia kwenye neno MATUMBAWE. Amekutengea wako.

Mdogo wako akupendaye, hata leo,
Alistidia