Hesabu ya Ndoo

Jumatatu, 8 Julai 1974
Baridi kali. Uji, kisha shule. Wairimu amenifundisha lile swali la jiwe linalorushwa kutoka juu ya mwamba. Kwenda mbele ni hesabu yake, kuanguka ni hesabu yake, usizichanganye. Muhula mzima lilikuwa limenishinda. Nami nikamfundisha la ndoo ya maji inayozungushwa kwa kamba, juu ya kichwa hadi miguuni. Kupata nguvu inayovuta kamba: ndoo ikiwa juu jumlisha uzito, ikiwa chini toa. Hakuandika. Amerudia kwa mdomo mpaka ikakaa.

Jumatano, 10 Julai
Baada ya kupeleka maziwa nimeosha mkebe mtoni. Nikaujaza maji, nikaufunga kamba, nikauzungusha. Kwanza nililowa chapachapa, kisha nikapata mwendo. Ukipita chini, bega karibu ling'oke. Ukipita juu, mwepesi.

Kumbe nimemfundisha kinyume. Juu toa, chini jumlisha. Kesho nitamwambia, tutacheka.

Alhamisi, 11 Julai
Mwalimu wa fizikia ametangaza. Atakayeongoza mtihani wa majaribio ndiye atakayempendekeza kwa kidato cha tano cha sayansi. Mmoja tu. Shule ya harambee kama yetu, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, haipewi zaidi. Darasa zima likatugeukia, mimi na Wairimu.

Sikumwambia.

Jumapili, 14 Julai
Tumekaa benchi moja kanisani. Mhubiri alikuwa akiombea mvua, lakini mimi nilihisi ananisema. Tulipotoka nikaanza, "Wairimu, ile ya ndoo..." Akanikata: "Ah, hiyo niko nayo kwa kichwa. Wacha nipumzike leo."

Nikashika njia ya nyumbani. Ukweli ni kwamba nilifurahi kukatwa. Mimi ni mtu mbaya.

Jumanne, 16 Julai
Mtihani. Swali la nne, ndoo. Wairimu aligeuka akanitabasamia. Nami nikatabasamu.

Jumatatu, 22 Julai
Mimi wa kwanza, yeye wa pili. Ndoo ndiyo iliyotutenganisha. Nilijua atanijia juu. Nilikuwa hata nimejiandaa kukana. Akaja na karatasi yake, wino mwekundu umelikata jibu lote.

"Wewe uliniambia vizuri," akasema. "Ni mimi niligeuza. Hii kichwa yangu ni ya kuku."

Afadhali angenitukana. Anasema akimaliza kidato cha nne ataingia kuchuma majani chai na mama yake, labda hesabu si zake. Hesabu si zake! Yule aliyenifungua macho kwa lile jiwe!

Jumamosi, 27 Julai
Mama Wairimu ametuma kiondo cha viazi vitamu na ndizi. Shukrani, ati kwa kumsomesha binti yake. Mama amefurahi, amewapikia wote. Nimesema tumbo linauma.

Jumapili, 28 Julai
Kiondo cha watu hakirudishwi kitupu. Mama alitia maharagwe, nikakibeba hadi kwao. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kukiri, na nikayapanga yakapangika.

Wairimu alikuwa ameenda kukatia ng'ombe majani. Mama yake alikuwa jikoni, mikono imekauka kwa utomvu wa chai. Akapokea kiondo, akachungulia ndani, akacheka.

"Kuja karibu na moto, mwalimu. Kaa hapa."

Nikaitikia jina hilo. Nikakaa.