Nafasi Chini ya Jina la Mwisho

Mjukuu wangu Zainabu,

Salamu zikufikie huko Nampula. Sisi hapa Palma wazima, ila babu yako magoti yanamsumbua, na mama yako keshaanza kuvuna mihogo.

Umeuliza kwa nini lile jiwe la shuleni, lenye majina ya wanafunzi waliokufa katika vita vya uhuru, halina jina la kaka yangu Bakari, naye alisoma palepale na akaenda vitani na wenzake.

Nilikuwa msichana siku diretori wa shule alipokuja nyumbani kuuliza kama wamwandike Bakari. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akamwambia, "Mwanangu sijamsomea hitima. Nyie mtamwandikaje na marehemu?"

"Lakini mama, hakuna aliyemwona tena."

"Basi hakuna aliyemwona amekufa."

Diretori akanywa maji, akaaga. Fundi aliyechonga majina akaacha nafasi chini ya jina la mwisho.

Mama alifariki nafasi ikiwa tupu. Juzi diretori mpya kaja kwangu, wanataka kulipaka jiwe rangi, akauliza swali lilelile. Nikakumbuka kuwa hitima ya Bakari hata mimi sijaisoma. Nikamwambia, pakeni rangi, ila pale chini paacheni.

Bibi yako,
Mwanahawa