Vidudu vya Masika katika Mtungi wa Bibi Tekla

Bigwa, Morogoro

Dada Zuhura, shikamoo. Huku mvua haipumziki, mlima umefunikwa na mawingu, nami naona aibu hata kutoka chumbani.

Nimefikia kwa Bibi Tekla. Kazi yangu unaijua: nachota maji ya bwawa la kijiji cha ujamaa, hayo hayo tunayokunywa, natazama vidudu vyake kwa hadubini. Kiangazi nilikuta aina chache tu. Masika haya wamo wa kila namna, wengine wana pembe, wengine wamebeba mayai mgongoni. Watu wananiita Ndugu Mtaalamu, kichwa kikavimba. Jana nikamwita Bibi aje aone.

Akatazama kwa makini. "Wana miguu. Ni wanyama hawa?"

"Wanyama kabisa, Bibi!"

"Na kwenye mtungi wangu wamo?"

"Tele!"

Akaweka kikombe chake cha maji chini taratibu. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na yeye nyama haigusi mpaka Pasaka. Nikamwambia hiyo haihesabiwi nyama. Akanijibu kwa upole kwamba mimi Mwislamu, nitajuaje; atamngoja padri. Sasa amekinga sufuria chini ya bati, anakunywa maji ya mvua.

Jioni akaniuliza, "Mwanangu, tunakunywa mtungi mmoja tangu kiangazi. Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua, Dada. Na kufunga kwake nilikuwa nakuona, maharage kila siku. Sikuwahi tu kuyaweka hayo mawili pamoja.

Nibusie wanao. Ukinywa maji leo, nionee huruma.

Mdogo wako, Hamisi